Kuhamisha Saa, Kubana Wiki, Kufanyia Kazi Nyumbani au Kupunguza Siku: Mpangilio Upi wa Kazi Unakufaa?

Siku hizi ombi linalonifikia mezani mara nyingi si la nyongeza ya mshahara. Ni la saa. Mtu anaingia, anafunga mlango taratibu, anakaa, kisha anasema: "Dada, nikipata namna ya kutoka saa kumi tu, basi." Mwingine anataka Ijumaa awe huru. Wa tatu ana mtoto wa miezi mitano, na dada wa kazi ameondoka ghafla. Wote watatu wanatumia jina moja, "ratiba nafuu", ila shida zao hazifanani hata kidogo. Nimeona watu wakipewa walichoomba wakaishia kuchoka kuliko mwanzo, kwa sababu waliomba mpangilio waliousikia kwa mwenzao badala ya kuangalia saa zao wenyewe zinapotelea wapi.

Nafanya kazi upande wa utumishi hapa Dar es Salaam, kwa hiyo mifano yangu ni ya hapa, na sheria ninayoitaja ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2005. Kwa ufupi, sheria ya Bara inaweka kikomo cha saa 9 za kawaida kwa siku, saa 45 kwa wiki na siku 6 za kazi kwa wiki. Ukizidisha hapo ni saa za ziada, na kila saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu. Viwango hivi vya saa havimgusi meneja anayesimamia wengine na kuwajibika moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Huyo anajadiliana kwa mkataba wake.

Mambo matano ya kupimia

Kila mpangilio nitaupima kwa mambo yaleyale. *Njia*: unakupunguzia muda gani wa foleni na nauli kiasi gani. *Mfuko*: unagusa vipi mshahara, saa za ziada, posho na michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. *Nyumba*: watoto, wazazi, umeme, nafasi ya kukaa. *Mwili*: usingizi, uchovu, umakini. Na *macho ya wakuu*: utaonekanaje kazini utakapokuwa haupo wakati wengine wapo. Hili la mwisho watu hulidharau, kumbe ndilo linalokuja kuamua nani anapandishwa cheo.

Ili tusichanganyikiwe, saa za ukutani nitaziandika kwa maneno, na urefu wa muda kwa tarakimu.

1. Kuhamisha saa

Unafanya kazi saa zilezile, siku zilezile, ila unaingia na kutoka wakati tofauti na wenzako. Ofisi nyingi zinaweka kipindi ambacho kila mtu lazima awepo, tuseme saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, kwa ajili ya vikao na wateja. Nje ya hapo unachagua.

Mpangilio huu ulizaliwa kwa sababu ya foleni. Mwaka 1967 kiwanda cha ndege cha Bölkow, huko Ottobrunn karibu na Munich, kiliruhusu wafanyakazi wake kuingia kwa nyakati tofauti kufuatia wazo la Christel Kämmerer, kwa kuwa wote walikuwa wakijazana barabarani na getini kwa dakika zilezile. Anayesimama Ubungo au Tazara saa moja asubuhi anaielewa shida ile bila kuelezwa.

*Njia.* Hapa ndipo nguvu yake ilipo, na ndipo watu wanapoipuuza. Chukua mtu wa Kibaha anayefanya kazi Posta, saa 40 kwa wiki, saa 2 za kwenda na 2 za kurudi. Akiingia saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi na moja jioni, pamoja na saa ya chakula, yuko nje ya nyumba saa 13 kwa siku, yaani saa 65 kwa wiki. Sasa aingie saa moja na atoke saa kumi. Ikiwa kwa kuwahi hivyo anapunguza nusu saa tu kila upande, anashuka hadi saa 60. Ameokoa saa 5 kwa wiki bila kubadilisha kitu kingine chochote. Tutakutana tena na hiyo saa 60 hapo chini.

*Mfuko.* Mshahara haubadiliki. Jambo moja la kuangalia: kisheria usiku unaanza saa mbili usiku na kuisha saa kumi na mbili asubuhi, na kila saa ya kazi ndani ya kipindi hicho ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Kwa hiyo ukiomba kuingia saa kumi na moja alfajiri, mwajiri atasita kwa sababu ya gharama. Omba kuanzia saa kumi na mbili kamili na kuendelea, mazungumzo yatakuwa mepesi.

*Nyumba.* Anayewahi kutoka anamkuta mtoto angali macho, na mwezi wa Ramadhani anafuturu na watu wake badala ya kufuturu maji na tende ndani ya daladala. Anayechelewa kuingia anapata nafasi ya kumfikisha mtoto shuleni mwenyewe. Huwezi kupata vyote viwili, na wanandoa wengine wameugawa vizuri: mmoja anawahi, mwingine anachelewa.

*Mwili.* Kuwahi kunataka kulala mapema. Kama mtaa wenu una muziki hadi saa sita usiku, au wewe ndiye unayesubiri mume arudi zamu, utalipa kwa usingizi.

*Macho ya wakuu.* Hili limenipata mwenyewe. Sehemu niliyokuwa zamani nilikuwa naingia saa kumi na mbili na nusu, ofisi tupu, natoka saa tisa na nusu. Hakuna aliyeniona naingia, ila kila mtu aliniona naondoka. Mwisho wa mwaka tathmini yangu ikaandikwa kwamba sionyeshi kujituma. Iliniuma, na mpaka leo naishauri kila timu itumie kitabu cha mahudhurio au kadi inayoonyesha saa ya kuingia, na mkuu wa idara akisome.

Unamfaa mwenye shida ya barabara, mwenye watoto wa shule, na anayefanya kazi ya mezani. Haumfai wa mapokezi, wa dirishani au wa kaunta, kwani mteja anakuja saa zake.

2. Kubana wiki

Saa za siku tano unazifanya kwa siku nne. Kwanza nitofautishe, maana kuna habari zinazosambazwa na kuchanganya watu. Majaribio ya Iceland ya kati ya 2015 na 2019, na yale ya Uingereza ya mwaka 2022 yaliyohusisha kampuni 61, yalikuwa ya kupunguza saa zenyewe huku mshahara ukibaki vilevile. Kubana wiki ni kitu kingine: saa hazipungui, zinasukumwa ndani ya siku chache. Ukienda kwa bosi na habari ya Uingereza mkononi huku unaomba wiki iliyobanwa, hamtaelewana tangu sentensi ya kwanza.

Sheria yetu imeutaja mpangilio huu waziwazi. Kwa makubaliano ya maandishi, mfanyakazi anaweza kufanya kazi hadi saa 12 kwa siku, mapumziko ya chakula yakiwa ndani yake, bila malipo ya saa za ziada, mradi asizidi siku 5 kwa wiki, saa 45 za kawaida, na saa 10 za ziada kwa wiki. Neno la kushikilia hapo ni maandishi. Bosi akikwambia kwa mdomo tu, saa zote zinazopita ya 9 bado ni za ziada na unastahili kulipwa.

*Njia.* Rudi kwa mtu wetu wa Kibaha. Siku nne, saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, tukiiacha barabara kwenye saa 4 zilezile: yuko nje ya nyumba saa 15 kwa siku, jumla saa 60 kwa wiki. Ni saa 60 ileile aliyoipata kwa kuhamisha saa tu. Tofauti ni sura yake. Kwa kuhamisha anapata saa moja kila siku. Kwa kubana anapata siku nzima, ila anailipia kwa siku nne zisizo na jioni. Nauli ya siku moja nayo inabaki mfukoni.

*Mfuko.* Aliyezoea kuongezea kipato kwa saa za ziada apige hesabu kabla ya kusaini, kwa sababu saa ya 10 na ya 11 zilizokuwa zikilipwa mara moja na nusu sasa zinakuwa za kawaida. Uliza pia sikukuu ikiangukia siku yako ya mapumziko itakuwaje, na likizo itahesabiwaje. Sheria inatoa siku 28 mfululizo za kalenda kwa mwaka. Kampuni inayohesabu siku za kazi peke yake itabidi ibadili hesabu yako, na isipobadili mapema mtagombana Desemba.

*Nyumba.* Siku nne watoto unawaacha wamelala, na kwa wadogo zaidi unarudi wamelala tena. Nimemwona mama mmoja akirudisha mpangilio huu baada ya wiki tatu kwa sababu hiyo. Lakini siku ya tano ni ya kazi, na thamani yake ni kubwa kuliko Jumamosi: kliniki ya mama Muhimbili, ardhi, NIDA, benki, shule ya mtoto, vyote viko wazi. Mwenye shamba Mkuranga au Bagamoyo anajua ninachosema. Mwislamu akichagua Ijumaa anapata na swala yake bila kukimbia.

*Mwili.* Hapa niseme bila kupaka rangi: siku ya saa 11 ofisini ni ndefu. Kazi ya hesabu, ya kuendesha gari, ya mashine au ya kumhudumia mgonjwa, makosa yanakaa katika saa mbili za mwisho. Ramadhani ni ngumu mara mbili. Mjamzito namshauri asiuchukue. Sheria inadai saa 12 mfululizo za mapumziko kati ya siku na siku, lakini ndani ya hizo 12, anayetumia saa 4 barabarani anabakiwa na 8 za kula, kuoga, kuongea na mwenzake na kulala.

*Macho ya wakuu.* Siku nne unaonekana sana. Siku ya tano simu itapigwa. Kubalianeni nani anashika kazi zako siku hiyo, la sivyo utakuwa na siku tano na wiki iliyobanwa kwa wakati mmoja.

Unamfaa anayeishi mbali, asiye na watoto wadogo au mwenye mtu wa kuaminika nyumbani, anayemuuguza mzazi, au mwenye shughuli nyingine inayohitaji siku nzima ya kazi.

3. Siku za nyumbani

Si lazima ziwe zote tano. Kinachofanya kazi kwa wengi ni siku mbili nyumbani, tatu ofisini.

*Njia.* Hapa hakuna mpangilio unaozishinda. Kila siku ya nyumbani inafuta saa zote za barabarani; mtu wetu wa Kibaha kwa siku mbili anarudishiwa saa 8.

*Mfuko.* Nauli inapungua, ila kuna gharama zinazoingia kimyakimya: bando, umeme wa LUKU wa feni na kompyuta, chakula cha mchana. Waajiri wengine wanakata posho ya usafiri kwa siku za nyumbani bila kuweka kitu badala yake. Kama posho inakatwa, omba kifurushi cha intaneti kilipiwe na ofisi. Ni ombi la haki na mara nyingi linakubalika, kwa sababu kwa mwajiri ni fedha ndogo.

*Nyumba.* Uliza nyumba yako kabla ya kumuuliza bosi. Kuna meza na mlango unaofungika? Umeme ukikatika una pa kwenda? Aliyepanga chumba na sebule mwenye watoto wawili na redio ya jirani ukutani atafanya kazi usiku wakishalala, na hiyo si nafuu. Kwa wanawake nasisitiza zaidi, kwa sababu nimeliona mara nyingi mno: mama akiwa nyumbani, kwa macho ya ndugu "yupo tu". Mgeni atapokelewa naye, gesi itafuatwa naye, mtoto wa wifi ataachwa kwake. Kazi ya ofisi inakaa juu ya kazi ya nyumba. Zungumza na watu wa nyumbani kwanza, kwa saa mahususi, kama unavyozungumza na ofisi.

*Mwili.* Unalala zaidi. Kwa upande mwingine, kufanya kazi kitandani au kwenye kochi kutakuletea mgongo. Na siku haina mwisho: ujumbe wa WhatsApp wa saa tatu usiku unajibiwa kwa sababu kompyuta iko palepale. Kikomo cha saa 9 na saa zile 12 za mapumziko havikuachwa ofisini, vinakufuata hadi sebuleni. Wekeni saa ya kufunga.

*Macho ya wakuu.* Mkuu anayepima kazi kwa kilichokamilika hutapata shida naye. Mkuu anayepima kwa kiti kilichokaliwa atakusahau, na kazi nzuri zitakwenda kwa aliye karibu na mlango wake. Chagua siku zako za ofisini ziwe zile za vikao vikubwa. Pia, kama unashika taarifa za wateja, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaendelea kumbana mwajiri wako hata ukiwa nyumbani. Usitumie kompyuta inayoshikwa na familia nzima.

Zinamfaa mhasibu, mwandishi, mtu wa programu, wa usanifu, na yeyote ambaye kazi yake inahitaji utulivu, akiwa na nyumba inayouruhusu. Mfanyakazi mpya namshauri akae ofisini miezi ya mwanzo. Kazi nyingi hufundishwa kwa kusikia wenzako wanavyoongea na mteja kwenye simu.

4. Kupunguza siku

Unafanya siku tatu badala ya tano, na mshahara unapungua kwa kadiri hiyo. Watu wanauogopa bila kupiga hesabu, kwa hiyo tuipige.

*Mfuko.* Mshahara wa shilingi 1,000,000 kwa mwezi: NSSF asilimia 10 ni 100,000, na kwa viwango vya PAYE (kodi ya mshahara) vilivyoanza Julai 2021, kodi ya 900,000 iliyobaki ni 103,000. Mkononi inabaki 797,000. Ukienda siku tatu, mshahara ni 600,000: NSSF 60,000, kodi 24,000, mkononi 516,000. Mshahara umeshuka kwa asilimia 40, lakini kinachoingia mkononi kimeshuka kwa takribani asilimia 35, kwa sababu kodi imeshuka kwa kasi zaidi. Hiyo haifanyi 281,000 zilizokosekana kuwa ndogo. Na mchango wa mwajiri kwenye akiba yako ya uzeeni unapungua pia, jambo usiloliona kwenye hati ya mshahara ya mwezi huu.

*Njia, nyumba na mwili* vyote vinanufaika, hilo halina mjadala.

*Macho ya wakuu* ndipo hatari ilipo. Mshahara unapunguzwa siku ya kwanza, majukumu hayapunguzwi kamwe. Bila orodha iliyoandikwa ya kazi unazoziacha na atakayezichukua, utafanya kazi ya siku tano kwa malipo ya tatu.

Unamfaa anayesoma, anayejenga biashara ambayo tayari inaingiza kitu, anayekaribia kustaafu au anayepona maradhi. Na mama anayenyonyesha, tafadhali usikimbilie hapa. Sheria inakupa hadi saa 2 kwa siku, ndani ya saa za kazi, za kumnyonyesha mtoto. Dai hizo kwanza kabla hujakatwa mshahara kwa kitu ambacho tayari ni chako.

Ukiwa na hali hii, anzia hapa

Shida yako ni barabara peke yake: hamisha saa. Kama baada ya mwezi bado unaumia, ongeza siku moja ya nyumbani.

Unaishi mbali, na kazi yako ni ya kaunta, kiwandani au wodini: nyumbani haiwezekani na kuhamisha ni vigumu, kwa hiyo zungumzia kubana wiki, ila kama kazi ina mashine au wagonjwa omba siku fupi kidogo, tuseme saa 9 na robo kwa siku nne, kisha siku ya tano nusu tu.

Una mtoto chini ya mwaka: saa 2 za kunyonyesha, kisha kuhamisha saa. Siku za nyumbani zinasaidia ikiwa tu kuna mtu mwingine wa kumshika mtoto.

Unauguza mzazi mwenye kliniki za mara kwa mara: kubana wiki, siku ya mapumziko iwe ileile ya kliniki.

Unategemea saa za ziada kulipa ada: usiguse kubana wiki wala kupunguza siku mwaka huu.

Umeajiriwa karibuni, au bosi wako ni wa kuhesabu viti: hamisha saa kidogo, ijenge imani, mengine uyaombe baadaye.

Vyovyote utakavyochagua, omba majaribio ya miezi mitatu yenye ruhusa ya kurudi ulikotoka kwa upande wowote. Saa za kazi ni sehemu ya maelezo ya ajira ambayo mwajiri anatakiwa akupe kwa maandishi, na yakibadilika anatakiwa ashauriane nawe na akuarifu kwa maandishi pia. Barua yako iwe na siku, saa ya kuingia na kutoka, saa ambazo lazima upatikane kwenye simu, posho zinazobaki na zinazoondoka, hesabu ya likizo na sikukuu, na tarehe ya kukaa tena mezani. Isainiwe na wote wawili, nakala moja ibaki kwako, nyumbani.